MFUKO WA JAMAA: Wekeni mpaka kabla mshahara haujakatwa



Juma hili tunajibu ulizo ambalo limekuja kwa njia mbili. Upande mmoja ni wamama wanaofanya kazi ya mshahara: wauguzi, walimu, wapishi wa kantini, wasafishaji wa ofisi. Wanasema: «Tangu waliponunua programu ya mishahara, makato yameongezeka na hakuna anayeweza kutueleza.» Upande wa pili ni wamama walio makarani, ambao wamepewa kompyuta na kuambiwa wapange makato ndani yake. Hao wanauliza: «Tuweke mpaka wapi? Na nani anaamua?»

Maulizo hayo mawili ni moja. Kompyuta haiamui kitu chochote. Inafanya kile ilichoandikiwa, mwezi kwa mwezi, bila kuuliza kama nyumbani kuna unga. Karani akiandika kata 100.000, itakata 100.000 hata kama mkononi zinabaki 20.000. Kwa hiyo mpaka unapaswa kuwekwa na watu, mapema, na kila mfanyakazi anapaswa kuujua.

Mipaka iko miwili. Wa kwanza ni wa juu: makato yasipite hapa, ili mama arudi nyumbani na kitu. Wa pili ni wa chini: mchango wa pensheni usishuke chini ya hapa, ili mama akizeeka asiombe kwa watoto. Watu wengi wanafikiri juu ya ule wa kwanza tu. Ule wa pili ndio unaotuumiza kimya-kimya.

Makato yanayotoka kwa sheria

Tuanze na yale ambayo hakuna anayeweza kuyakataa. Ni mawili: kodi ya mshahara na mchango wa CNSS.

CNSS ndiyo iliyochukua nafasi ya INSS, ile iliyoanzishwa mwaka 1961 na ambayo wazazi wetu waliijua. Sheria nambari 16/009 ya tarehe 15 Julai 2016 ndiyo inayoongoza mambo hayo leo. Kwa mfanyakazi, mchango ni 5% ya mshahara, na zote zinakwenda kwa pensheni. Kwa mwajiri, ni 13%: 5% kwa pensheni, 6,5% kwa ajili ya posho za jamaa, na 1,5% kwa ajali na magonjwa ya kazini. Jumla ni 18%.

Shikeni vizuri hesabu hiyo. Ile 13% ni ya mwajiri. Haitoki katika mshahara wako. Vilevile pesa za INPP na za ONEM ni za mwajiri. Ukiona kwenye fishi ya mshahara mstari wa INPP upande wa makato yako, uliza siku hiyo hiyo. Mara nyingi mtu aliyepanga programu ameweka mstari huo upande usio wake, na kompyuta inaendelea kukata bila haya.

Tuchukue mfano. Mama muuguzi ana mshahara wa faranga 600.000 kwa mwezi. CNSS yake ni 30.000. Kodi inategemea mshahara na idadi ya watu anaolisha, basi kwa mfano wetu tuseme ni 60.000. Zinabaki 510.000. Mwajiri wake naye anatoa 78.000 kwa CNSS kutoka mfuko wake mwenyewe. Kwa hiyo kila mwezi CNSS inapaswa kupokea 108.000 kwa jina la mama huyo.

Makato mengine na mpaka wake

Baada ya sheria zinakuja zile nyingine: avansi, likelemba ya kazini, mfuko wa msiba, deni la vitenge, mkopo wa feza za masomo. Hizi hazikatwi kwa sababu tu mkubwa wa kazi amependa. Kodi ya kazi ya nchi yetu, yaani sheria nambari 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, inataja makato yanayoruhusiwa. Tena inaweka mpaka kwa kile ambacho wadai wanaweza kuchukua katika mshahara: sehemu moja ya tano kwa mshahara wa kawaida, na theluthi moja kwa ile sehemu inayopita mara tano ya mshahara wa chini. Wazo hilo si la Kongo peke yake. Mapatano nambari 95 ya Shirika la Kazi la Kimataifa, ya mwaka 1949, yanasema mshahara ulindwe kwa kadiri inayohitajika ili mfanyakazi na jamaa yake waishi.

Shauri letu ni hili: tumieni kipimo cha sehemu moja ya tano kwa makato yote yasiyo ya kodi wala CNSS, yakijumlishwa pamoja, hata yale ambayo mama mwenyewe ameyataka. Na mhesabu juu ya kile kinachobaki baada ya kodi na CNSS. Kwa mama muuguzi wetu, sehemu moja ya tano ya 510.000 ni 102.000. Basi mpaka wake wa juu ni 102.000 kwa mwezi.

Sasa angalieni mtego. Programu nyingi zinakubali kuweka mpaka kwa kila mstari wa makato. Karani anaandika 102.000 kwa kila mstari na kufikiri kazi imekwisha. Lakini mwezi wa Septemba, masomo yanapofunguliwa, mama huyo ana mistari hii:

– Avansi: 50.000
– Likelemba ya kazini: 40.000
– Mfuko wa msiba: 5.000
– Mkopo wa masomo: 100.000
– Deni la vitenge: 30.000

Kila mstari peke yake uko chini ya 102.000. Programu inaona yote ni sawa. Lakini jumla ni 225.000, na mama anakwenda nyumbani na 285.000. Kama mwezi huo huo kuna kodi ya nyumba na mgonjwa, ataomba avansi nyingine, na Oktoba itakuwa mbaya zaidi.

Kwa hiyo, karani, tafuta mahali pa kuweka mpaka wa jumla, ule unaoshika makato yote kwa pamoja. Kama programu yako haina mahali hapo, fanya hesabu kando kwa karatasi kabla ya kufunga mwezi. Si kazi kubwa: jumlisha, linganisha na mpaka, punguza.

Nani anakatwa kwanza?

Ukiweka mpaka wa jumla, lazima uieleze kompyuta nani apite mbele. Bila mpango huo itakata kwa utaratibu ambao mistari iliandikwa, au kwa alfabeti, na pengine deni la vitenge litalipwa kabla ya feza za masomo.

Utaratibu tunaoupendekeza ni huu. Kwanza kodi na CNSS. Pili, kile ambacho tribinali imeamuru, hasa malezi ya watoto. Hapo sheria inawapendelea watoto, basi karani afuate karatasi ya tribinali jinsi ilivyoandikwa. Tatu, avansi, kwa sababu pesa hiyo mama ameshaipokea. Nne, ahadi kwa wenzake, ndiyo likelemba na msiba. Tano, mkopo wa masomo. Mwisho, vitenge na mambo mengine ya biashara.

Kwa mama muuguzi wetu, Septemba itakuwa hivi: avansi 50.000, likelemba 40.000, msiba 5.000. Hizo ni 95.000. Zinabaki 7.000 mpaka kufika 102.000, na zinakwenda kwa mkopo wa masomo. Vitenge havipati kitu mwezi huo. Mama anaondoka na 408.000.

Wengine watasema: «Lakini deni linabaki!» Ni kweli. Mpaka haufuti deni. Unaonyesha tu kwamba mama amechukua mzigo mkubwa kuliko mabega yake, na unaonyesha mapema, kabla chungu hakijawa kitupu. Hapo ndipo mama, karani na mwenye kudai wanapaswa kukaa na kupanga upya: mkopo wa masomo ulipwe kwa miezi mingi zaidi, na vitenge vipya visubiri. Mwenye duka anayejua kwamba kazini kuna mpaka ataangalia kabla ya kukopesha. Hiyo nayo ni faida.

Mahali pa kuandika ndani ya programu

Programu zinatofautiana kwa sura, lakini karibu zote zinauliza mambo yale yale kwa kila mstari wa makato. Mama karani, usiruke hata moja.

Kwanza, inauliza kama makato ni ya asilimia au ni kiasi kisichobadilika. CNSS ni asilimia. Avansi ni kiasi.

Pili, asilimia hiyo inahesabiwa juu ya nini? Hapa watu wanapotea sana, na tutarudia chini.

Tatu, mpaka wa mwezi na mpaka wa jumla. Mama akichukua avansi ya 300.000 na kulipa 50.000 kwa mwezi, anamaliza kwa miezi sita. Karani asipoandika 300.000 mahali pa jumla, mwezi wa saba kompyuta itakata tena 50.000, na wa nane pia. Mama asiyesoma fishi yake anaweza kulipa deni lililokufa mwaka mzima.

Nne, tarehe ya kuanza na ya kumaliza. Ziandikeni zote mbili.

Tano, pesa isiyokatwa kwa sababu ya mpaka iende wapi: isogezwe mwezi ujao au iachwe? Avansi inasogezwa. Mfuko wa msiba, mkubaliane wenyewe.

Sita, na hii ni ya hatari: sifuri. Katika programu moja, sifuri mahali pa mpaka ina maana «hakuna mpaka». Katika nyingine ina maana «usikate hata kidogo». Usibahatishe. Fanya jaribio kwa jina la mfanyakazi wa mfano, hesabu kwa mkono, halafu linganisha na jibu la kompyuta. Kama hayalingani, usifunge mwezi.

Saba, aina ya pesa. Huku kwetu Katanga wengi wanahesabiwa kwa dola na kulipwa kwa faranga, au kinyume. Ukiandika mpaka 102.000 katika programu inayohesabu kwa dola, huo si mpaka tena. Hata mshahara wa mkurugenzi utapita chini yake. Na mpaka ulioandikwa kwa faranga utapoteza maana kila mara dola inapopanda au kushuka. Ndiyo sababu ni vizuri kuandika mpaka kama sehemu ya mshahara, yaani 20%, kuliko kuandika kiasi.

Tena kuna jambo la programu zilizotungwa ng'ambo. Kadhaa tunazotumia zilitungwa kwa ajili ya Ufaransa. Kule sehemu kubwa ya mchango wa pensheni inahesabiwa mpaka kikomo fulani cha mshahara tu. Mwaka 2025 kikomo hicho kilikuwa euro 3.925 kwa mwezi. Kikomo hicho ni cha Wafaransa na sheria yao. Kwetu 5% inahesabiwa juu ya mshahara wote unaohusika. Kama kikomo cha kigeni kimebaki ndani ya programu, mwenye mshahara mkubwa atachangia pungufu bila kujua. Kitoeni.

Mpaka wa chini: pensheni

Sasa turudi kwa lile ulizo la pili: asilimia inahesabiwa juu ya nini?

Kodi ya kazi inasema kwamba posho ya nyumba, posho ya usafiri, posho ya watoto ya kisheria na matunzo ya hospitali si sehemu ya mshahara. Kwa hiyo CNSS haihesabiwi juu ya hizo. Ni haki. Pesa ya basi ni ya basi.

Lakini waajiri wengine wamegundua mlango hapo. Mama anakubaliana nao kwa 600.000. Katika programu wanaandika: mshahara 300.000, usafiri 300.000. Mkononi mama anaona pesa zile zile, pengine zaidi kidogo, na anafurahi. Lakini CNSS yake sasa ni 15.000 badala ya 30.000. Ya mwajiri ni 39.000 badala ya 78.000. CNSS inapokea 54.000 badala ya 108.000. Kwa mwaka mmoja ni 648.000 ambazo hazikwenda kwa jina la mama huyo.

Nani amepata faida? Mwajiri ameweka 39.000 mfukoni kila mwezi. Mama amepata 15.000 za leo, na amezilipia kwa uzee wake, maana pensheni inahesabiwa juu ya mshahara uliotangazwa, si juu ya ule uliokula. Akifa mapema, mume na watoto wake nao watapata kidogo. Akiumia kazini, malipo yake yatafuata mshahara ule mdogo wa kwenye karatasi.

Kwa hiyo mama anayeuliza «makato yangu ya CNSS yanaweza kupunguzwa?» anauliza ulizo lenye miiba. Makato ya CNSS ndiyo pekee katika fishi yako yanayokuja na pesa ya mtu mwingine nyuma yake. Kwa kila faranga 5 zako, mwajiri anaweka 13. Hakuna likelemba inayofanya hivyo.

Kama kazini kwenu kuna mfuko wa pensheni wa ziada, jambo hilo pia lina mpaka wake. Ulizeni maulizo matatu kabla ya kutia sahihi: Mwajiri anaongeza ngapi juu ya yangu? Naweza kupunguza mchango wangu wakati wa shida? Nikiacha kazi, pesa yangu inakwenda wapi? Na mchango huo uingizwe ndani ya ile sehemu moja ya tano, usiwekwe juu yake. Uzee ni muhimu, lakini mtoto anayelala na njaa leo hawezi kungoja pensheni yako.

Kukatwa si kufika

Jambo la mwisho, na wamama wengi walio wajane wanalijua kwa machozi. Fishi ya mshahara inaonyesha kwamba pesa imetoka kwako. Haionyeshi kwamba imefika CNSS. Kompyuta inaweza kuandika «CNSS 30.000» kila mwezi kwa miaka kumi, na mwajiri asipeleke hata moja. Siku ya kuomba pensheni, ofisi haitaangalia fishi tu; itatafuta miezi iliyotangazwa na kulipwa kwa jina lako.

Ndiyo maana kila mmoja anapaswa kujua nambari yake ya CNSS na kwenda ofisini kwao, hata mara moja kwa mwaka, kuomba aonyeshwe miezi yake. Majina yaangaliwe vizuri. Mama aliyeandikishwa kwa jina la baba yake na baadaye kwa jina la mume anaweza kuwa watu wawili katika vitabu, kila mmoja na nusu ya miaka. Kurekebisha leo ni safari moja. Kurekebisha ukiwa na miaka 60 ni safari nyingi, na pengine mwajiri amekwisha kufunga milango na kwenda.

Ukiona miezi inapungua, usiende peke yako kwa mkubwa wa kazi. Nendeni wengi, pamoja na mjumbe wa wafanyakazi. Mkikosa jibu, kuna inspekta wa kazi, na CNSS yenyewe ina watu wa kukagua waajiri.

Kazi ya juma hili

Kwa mama mfanyakazi: toa fishi tatu za mwisho. Weka alama mbele ya kila makato ambayo huelewi. Hesabu 5% ya mshahara wako kwa mkono na ulinganishe. Angalia posho ya usafiri: inalingana kweli na safari zako? Halafu jumlisha makato yasiyo ya kodi wala CNSS na uone kama yamepita sehemu moja ya tano.

Kwa mama karani: fungua orodha ya makato ndani ya programu. Tafuta kila mstari usio na tarehe ya mwisho, kila mpaka wenye sifuri, kila asilimia inayohesabiwa juu ya mshahara pamoja na posho. Andika kwenye karatasi mipaka uliyoikuta, na umpe mkubwa wa kazi aitie sahihi. Siku watu watakapouliza, utakuwa na karatasi ya kuonyesha, si kompyuta ya kusingizia.

Kwa mama mwenye duka au shule ndogo aliyeajiri watu wawili au watatu: huhitaji programu. Daftari lenye mistari safi linatosha, lakini mipaka ni ile ile, na CNSS ni ile ile kwa mpishi wako kama kwa mkurugenzi wa kampuni.

Wenye ulizo waliandike na kulipa mwenye kugawa gazeti hili mtaani kwao. Juma lijalo tutaeleza namna ya kuandika daftari la likelemba ili pasiwe na mabishano mwisho wa mwaka.

Mubaki na amani, na mlinde chungu cha leo pamoja na cha kesho.